Dua la Kuku na Sheria ya Mwewe

"Dua la kuku halimpati mwewe," wasema wahenga. Methali hii twaifundisha kila mwaka, na wanafunzi wetu wa Kigali huielewa upesi, kwani mwewe, ambaye kwa Kinyarwanda huitwa sakabaka, huzunguka daima juu ya vilima vya mji huu, na nyua za Nyamirambo zingali na kuku. Lakini liko swali ambalo methali hailijibu: mwenye kuku aliyechoka kulalamika afanye nini bila ya kuvunja sheria?

Yafaa kwanza tukumbuke kwamba sheria yenyewe imegeuka. Mwaka 1900 madola ya Ulaya yaliyotawala Afrika, Ujerumani ikiwemo, yalitia sahihi mjini London mkataba wa kuhifadhi wanyama. Humo ndege wakubwa wawindao, isipokuwa tumbusi, bundi na karani tamba, waliandikwa pamoja na simba, chui na mamba kuwa ni waharibifu wa kupunguzwa. Mkataba ule haukupata kutekelezwa, ila waonyesha fikira za zama zile. Miaka 7 baadaye, yaani 1907, Mjerumani Richard Kandt aliuanzisha mji wa Kigali.

Leo mambo ni kinyume. Mwaka 1980 Rwanda ilijiunga na mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya viumbe walio hatarini, ambao wawahusu pia ndege wa jamii ya mwewe na kipanga. Tena sheria ya bayoanuwai ya mwaka 2021 yamwadhibu anayeua au kujeruhi mnyama wa porini anayelindwa.

Huenda msomaji akauliza: je, kifaranga wa maskini hana thamani? Anayo, na hasara yake si ndogo. Lakini tutazame yaliyotokea Akagera. Baada ya mwaka 1994 wafugaji waliorejea nchini waliingiza ng'ombe katika eneo la hifadhi, na simba waliowala ng'ombe wakategewa sumu hata wakatoweka wote. Ilipofika mwaka 2015 ikabidi simba 7 waletwe kutoka Afrika Kusini. Sumu haichagui. Nyama iliyotiwa sumu kwa ajili ya mwewe huweza kumwua mbwa wa jirani, bundi alaye panya, hata kuku mwenyewe. Na uani huchezea watoto.

Dawa iliyo halali wazee wetu waliijua. Mwewe humtaka kifaranga. Kuku mkubwa ni mzito kwake. Basi hatari kubwa ni ya majuma ya kwanza, na ndipo bibi zetu walipowafunika vifaranga kwa tenga. Asiye na tenga na ajenge kibanda chenye wavu juu, si ubavuni tu. Vichaka na migomba huwapa kuku mahali pa kukimbilia. Utumbo wa samaki na mabaki ya machinjo yafukiwe, maana hayo ndiyo yamwitayo mwewe. Hasara ikizidi, aendewe afisa wa mifugo wa sekta, wala mtu asijichukulie sheria mkononi.

Hivyo sheria mpya haimdai mwenye kuku jambo geni. Yamrudisha kwenye tenga la bibi yake. Nasi tunapoifundisha methali ile tena, tuwaambie vijana kwamba dua ya kuku yampasa mwenye kuku kuisikia, kabla mwewe hajashuka.