Mikroplastiki: Plastiki inayokutwa tumboni mwa samaki

Mikroplastiki ni vipande vya plastiki vyenye ukubwa chini ya milimita 5. Vingi vinatokana na chupa, mifuko, nyavu na nguo za polista zinapochakaa.

Mwaka 2016 watafiti walichapisha matokeo ya kuwapima sangara 20 na sato 20 walionunuliwa sokoni Mwanza. Plastiki ilithibitishwa kwenye utumbo wa samaki mmoja kati ya kila watano.

Kwa wakazi wa Mkwajuni, Songwe, hii si stori ya mbali. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka, hivyo taka zinazosombwa na mvua hadi ziwani hazina pa kwenda.

Kumtoa samaki matumbo kunapunguza plastiki inayofika mezani. Ila dagaa huliwa mzima, utumbo na vyote.