Udongo wa Da Nang: Deni au Msaada?

Tunapojifunza historia ya vita vya Vietnam, mara nyingi tunaishia mwaka 1975, Saigon ilipokombolewa. Ni kosa. Bunduki zilinyamaza, lakini silaha moja ya mabeberu ilibaki udongoni.

Toka 1962 mpaka 1971 ndege za Marekani zilimwaga zaidi ya lita milioni 70 za dawa za kuua mimea, ili wapiganaji wakose msitu wa kujificha na wakulima waliowalisha wakose mavuno. Iliyotumika zaidi iliitwa Agent Orange, kwa ajili ya mstari wa rangi ya chungwa uliopakwa kwenye mapipa yake. Ndani yake mlikuwa na dioksini, sumu inayoleta saratani, ambayo ilijitokeza dawa ilipokuwa ikitengenezwa viwandani.

Hapa tuwe waangalifu. Sumu iliyotua juu ya majani iliharibiwa sana na jua. Palipoathirika zaidi ni kwenye viwanja vya ndege za kijeshi, kama Da Nang na Bien Hoa, ambako mapipa yaliwekwa na ndege zikaoshwa. Huko dioksini iling'ang'ania udongo na matope ya mabwawa. Samaki wakaila, ikakaa katika mafuta yao, na mlaji akaipata. Hivyo kijana aliyezaliwa baada ya vita aliendelea kupigwa na vita hivyo hivyo kwa njia ya kitoweo.

Da Nang ilianza kusafishwa mwaka 2012, yaani miaka 37 baada ya ushindi. Udongo na matope vilichimbwa, vikarundikwa ndani ya kuta za zege, vikapashwa moto hadi nyuzi 335 za Sentigredi, dioksini ikavunjika. Kufikia 2018 zilikuwa zimesafishwa mita za ujazo zipatazo 90,000, kwa dola milioni 110 hivi. Kumbe ujuzi upo. Suala ni nani alipe, na kwa jina gani.

Mwaka 1984 makampuni yaliyotengeneza dawa hiyo yalikubali kuwalipa askari wa Kimarekani walioathirika dola milioni 180. Wavietnam waliposhtaki mjini New York mwaka 2004, kesi yao ilitupwa mwaka uliofuata. Mkulima hakupewa haki aliyopewa askari aliyetumwa kumpiga.

Kweli, serikali ya Marekani iligharimia kazi ya Da Nang, lakini kama msaada, si fidia. Wako ndugu wanaosema fedha ni fedha. Hatukubaliani nao. Mwenye kudai anaweza kudai, anayesaidiwa husubiri. Bien Hoa, ambako udongo wenye sumu unakadiriwa kufika mita za ujazo 500,000, kazi ilizinduliwa mwaka 2019. Mwanzoni mwa 2025 Washington ilisimamisha misaada yake ya nje, na kazi ikasimama kwa majuma kadhaa kabla ya kuendelea, huku udongo uliokwisha kuchimbwa ukiachwa wazi na msimu wa mvua ukikaribia.