Nyama ya Mnyama Aliyeuliwa kwa Risasi: Imetoboa au Imeponda?

 

Familia za Unguja na Pemba zenye jamaa upande wa Kilosa hutuuliza: ndugu aliyeko Rudewa ametuletea nyama ya nyati iliyokaushwa kwa moshi, mnyama kauawa kwa bunduki, hakuwahiwa kisu. Je, ni halali au ni mzoga?

Msingi ni Hadiythi ya ‘Adiyy bin Haatim (Radhiya Allaahu ‘anhu) iliyomo katika Al-Bukhaariy na Muslim. Aliuliza kuhusu mi‘raadh, mti mzito wenye ncha unaorushwa. Akajibiwa kuwa kilichochomwa kwa ncha kiliwe, na kilichogongwa kwa ubavu wake kisiliwe, kwani hicho ni sawa na mawquudhah, mnyama aliyekufa kwa kipigo, aliyetajwa katika Suurat Al-Maaidah aya ya 3. Kinachoangaliwa basi ni kupenya.

Wanachuoni wakakhitilafiana juu ya bunduki. Ibn Hajar Al-Haytamiy (aliyefariki 974H), tegemeo kubwa la Mashaafi‘iy, aliikataza kwa kuwa risasi huunguza na kuua upesi. Ash-Shawkaaniy wa Yemen (aliyefariki 1250H) aliihalalisha kwa kuwa hutoboa. Lakini risasi aliyoijua Ibn Hajar ilikuwa gololi ya mviringo.

Ya leo ni nyingine. Bunduki ya .375, iliyotoka mwaka 1912 na inayotumika sana kwa nyati, hutupa risasi yenye ncha ya gramu 19 hivi kwa kasi ya mita 770 kwa sekunde. Zipo risasi ngumu zisizobadilika umbo, ambazo hupita mfupa na kunyooka. Zipo zenye ncha laini: madini laini ndani, shaba nje. Hizi zikiingia hufunguka kama uyoga, zikafanya tundu pana na damu ikatoka kwa wingi. Aibu yake ni kuvunjika vipande zinapogonga bega kabla ya kuufikia moyo, na mnyama akakimbia na maumivu yake. Mmarekani John Nosler yalimfika hayo mwaka 1946 akiwinda paa mkubwa wa Kanada. Ndipo 1948 akauza risasi yenye ukuta wa shaba katikati ili nusu ya nyuma isivunjike. Baadaye zikaja za shaba tupu.

Sisi tunaona kauli ya Ash-Shawkaaniy ina nguvu zaidi kwa risasi za namna hii, kwani hata inayovunjika ndani imekwishatoboa ngozi na kumwaga damu. Gobore lataka uangalifu: gololi au kipande cha chuma kinachokwenda pole chaweza kuvunja mfupa bila kupenya. Pasipo tundu, huyo ni mawquudhah. Akikutwa yuhai, na wakati upo, lazima achinjwe. Akikutwa amekufa majini aachwe, na hili pia limo katika Hadiythi ya ‘Adiyy, kwa kuwa haijulikani kilichomuua.

Liko jambo ambalo wengi hawaliulizi. Neno risasi ni jina la madini yenyewe, kutoka Kiarabu raswaasw, na madini hayo ni sumu. Risasi laini ikivunjika, chembe zisizoonekana husambaa mbali na tundu, na kuosha wala kupika hakuziondoi. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango chake mwilini kinachojulikana kuwa salama. Watoto na wajawazito ndio wa kuhofiwa zaidi. Nyama iliyozunguka jeraha ikatwe kwa upana na itupwe. Ikiwa imekwishakatwa vipande na kukaushwa, muulizeni mwindaji alipiga wapi na kwa risasi gani. Asiyejua, msiwape watoto nyama yake.

Tena muulizeni kibali. Mikumi ni Hifadhi ya Taifa tangu 1964 na ndani yake hakuwindwi. Nyamapori isiyo na kibali kisheria ni nyara ya Serikali, na anayekutwa nayo ni mkosaji hata kama yeye hakufyatua. Mzigo wa namna hiyo msiupokee, ujapokuwa umetoka kwa ndugu.

Wa Allaahu A‘lam.