Meli Zilizopita Sultan Hamud

Sultan Hamud, katika kaunti ya Makueni, hakuna maji ya kuelea hata ngalawa. Kuna vumbi, kuna malori yaliyoegeshwa kando ya barabara kuu ya Mombasa, kuna mifugo inayosubiri wanunuzi, na kuna reli ya zamani, ile ya upana wa mita moja, ambayo treni za abiria zimeihama tangu reli mpya ianze kazi mwaka 2017. Bahari iko mbali, karibu kilomita 400 kwa njia ya reli. Hata hivyo, anayetaka kufuatilia namna Afrika Mashariki ilivyoanza kuzipenda meli za injini anaweza kuanzia hapa bila kupotea njia. Zipo sababu mbili: jina la mji, na vyuma vilivyopita juu ya mataruma ya reli yake.

Jina ni la Sayyid Hamud bin Muhammed, Sultani wa Zanzibar kuanzia 1896 hadi 1902. Inaelezwa kwamba alikuja kuitazama reli ya Uganda ilipokuwa imefika maili ya 250 kutoka Mombasa, kabla haijaingia Nairobi Mei 1899, na kituo kikabaki na jina lake. Hamud alikalia kiti siku ileile ambayo meli ya kifalme ilizamishwa mbele ya kasri la Unguja, tarehe 27 Agosti 1896. Wengi huikumbuka vita ile kati ya Uingereza na Zanzibar kwa ufupi wake, dakika 38 kwa hesabu inayotajwa zaidi. Wapenzi wa vyombo huikumbuka kwa sababu ya meli iitwayo Glasgow.

Glasgow ilikuwa tamaa ya Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa zamani wa Zanzibar. Kimbunga cha Aprili 1872 kilikuwa kimeziharibu meli zake, naye alikuwa amevutiwa na manowari ya Waingereza yenye jina hilohilo, HMS Glasgow. Akaagiza ya kwake kwa William Denny na Ndugu, waundaji wa Dumbarton katika mto Clyde, Uskoti, na mwaka 1878 ikawa tayari. Iligharimu pauni 32,735. Fremu zake zilikuwa za chuma na mbao zake za msaji. Ndani ilikuwa na injini ya mvuke na rafadha, na juu ilibeba milingoti mitatu na matanga kana kwamba injini haipo. Malkia Victoria akaongeza zawadi ya mizinga saba midogo na bunduki ya Gatling. Barghash alipoiona hakufurahi. Meli ikatia nanga bandarini na kukaa hapo karibu miaka yote ya uhai wake.

Nadhani jicho la Sultani halikukosea. Manowari ikiigwa kwa vipimo vidogo, binadamu hapungui naye. Mlango lazima umpitishe mtu mzima, ukingo wa sitaha lazima umfike kiunoni, mlingoti lazima ubebe kamba ambazo mkono unaweza kuzishika. Matokeo yake, kila kilicho juu kinaonekana kikubwa kuliko mwili unaokibeba, na chombo kinakuwa na sura ya mtoto aliyevaa joho la babu yake. Meli nzuri haiigi nyingine. Huchukua vipimo vyake kutoka katika kazi yake yenyewe. Glasgow haikupewa kazi yoyote hadi asubuhi ile iliporusha makombora yake machache dhidi ya HMS St George na kuzamishwa. Milingoti mitatu iliendelea kuchomoza juu ya maji hadi 1912, mabaki yalipoondolewa. Hamud alitawala na kufariki ikiwa bado imesimama pale mbele ya mji.

Watu wa mwambao hawakuhitaji Denny awafundishe uzuri wa chombo. Mafundi wa Matondoni na Kizingitini, katika visiwa vya Lamu, waliunda majahazi bila ramani: wanalaza mkuku, wanasimamisha hanamu mbele na fashini nyuma, kisha mbao na mataruma hufuata jicho. Mzee wa chelezoni akikisifu chombo, mara nyingi haanzi na nakshi wala rangi. Husimama ubavuni, akafumba jicho moja, akaufuata mstari wa ukingo wa juu kutoka omo hadi tezi. Mstari huo hushuka taratibu kuelekea katikati na kupanda tena, juu zaidi mbele kuliko nyuma. Una sababu zake. Omo iliyoinuka hukwepa wimbi lisipande sitahani. Katikati palipo chini hurahisisha kupakia na kupakua. Tezi iliyoinuka hulipokea wimbi linalokuja kutoka nyuma. Uzuri wake ni kwamba hauonyeshi mahali unapogeukia. Ukiweza kuonyesha kwa kidole mahali ambapo mstari umeacha kushuka na kuanza kupanda, fundi amekosea.

Injini ilipokuja, mstari huo ungeweza kufa. Chombo cha tanga hulazimika kuwa na umbo fulani, la sivyo upepo utakiadhibu; chombo cha injini kinaweza kuwa sanduku na bado kikafika. Kwa hiyo kila mkunjo unaouona kwenye meli ya injini kuna mtu aliyeuamua na kuulipia. Bamba la chuma likikunjwa upande mmoja tu ni kazi rahisi, rola zinatosha. Likikunjwa pande mbili kwa wakati mmoja, kama linavyopaswa kukunjwa kwenye mabega ya omo au chini ya tezi ya mviringo, linadai moto, nyundo na fundi mwenye subira. Hapo ndipo pesa huingia, na ndipo meli nyingi za leo huokoa pesa.

Turudi relini. Meli ya kwanza ya mvuke ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, William Mackinnon, ililetwa vipande vipande kabla reli haijafika ziwani, na mizigo yake mingine ilikwenda vichwani mwa wapagazi. Ilishushwa majini Kisumu mwaka 1900. Baada ya reli kukamilika zikafuata Winifred, Sybil, Clement Hill, Nyanza, Usoga na Rusinga, zote kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia kushika kasi. Winifred na Sybil ziliundwa na Bow, McLachlan wa Paisley, Uskoti, kwa namna ambayo inastahili kutazamwa kwa karibu. Meli iliunganishwa nzima huko kwao, kwa bolti badala ya ribiti. Kila bamba, kila taruma, kila kipande cha ngazi kikapewa namba yake. Kisha ikafunguliwa yote, ikapakiwa kwenye meli nyingine hadi Mombasa, ikahamishiwa kwenye mabehewa, ikapanda nyanda za Ukambani na kupita Sultan Hamud. Kisumu mafundi wakaipanga upya kwa kufuata namba na sasa wakaifunga kwa ribiti. Hayo ndiyo mataruma mawili yaliyokutana hapa Sultan Hamud: ya reli chini, ya meli juu yake.

Ni meli chache duniani zilizopewa mtihani mkali hivyo wa sura. Mkunjo uliokatwa vipande mia kadhaa na kusafirishwa maelfu ya maili, kipande kisizidi kile ambacho behewa la reli nyembamba linaweza kubeba, lazima ujirudie bila kuvunjika mbele ya macho. Bamba moja likiwekwa vibaya, mstari mzima wa ukingo unaonekana kama ukuta uliopigwa lipu na mwanafunzi. Na bado zile meli zilitoka safi: omo iliyosimama wima, dohani nyembamba ndefu, mapaa ya turubai juu ya sitaha kukinga jua. Wajerumani walifanya vivyo hivyo kwa Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg mwaka 1913, ikapita Dar es Salaam na reli ya kati hadi Kigoma. Waliizamisha wenyewe mwaka 1916 baada ya kuzipaka mashine zake mafuta mazito. Ikainuliwa, na tangu 1927 imekuwa Liemba. Ndani yake mvuke ulishaondolewa na dizeli ikawekwa, lakini mwili wake bado ni ule wa mwaka 1913, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuutazama.

Dizeli ilileta swali jipya. Mwaka 1912 Wadenmaki waliiingiza kazini Selandia, meli kubwa ya bahari kuu iliyoendeshwa kwa dizeli, nayo haikuwa na dohani. Haikuihitaji, moshi wake mdogo ulitokea kwenye bomba la mlingotini. Kihandisi ilikuwa ushindi. Machoni ilikuwa kama sentensi isiyo na kitenzi. Waundaji waliokuja baadaye wakairudisha dohani kwenye meli za dizeli, mara nyingine kubwa kuliko mahitaji yake, wakailaza nyuma kidogo ili meli ionekane inakwenda hata ikiwa gatini. Kuna wanaouita huo udanganyifu. Mimi siwaungi mkono. Dohani huipa meli kitovu, mahali ambapo jicho hutulia kabla ya kuendelea kutembea, na jicho nalo ni abiria.

Hapo inaingia meli ninayoipa nafasi ya kwanza kati ya zote zilizopita Sultan Hamud. Victoria iliundwa na Yarrow, Scotstoun, mjini Glasgow, kwa ajili ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki. Ikafunguliwa, ikasafirishwa, ikaunganishwa Kisumu, na ikaanza safari zake mwaka 1961. Hii ni meli ya dizeli iliyokusudiwa tangu mwanzo kumzungusha abiria ziwani, si shehena tu. Utazame ubavu wake. Mwili wa chini ni mrefu, na nyumba zilizo juu yake zinapungua ngazi kwa ngazi kuelekea nyuma, bila sitaha ya juu kuning'inia nje ya ile ya chini. Dohani ni moja, katikati, imelala kidogo. Hakuna kinachopiga kelele. Miaka michache kabla yake, mwaka 1956, meli ya kifalme ya Uingereza, Britannia, ilikuwa imemleta Binti Mfalme Margaret katika bandari za mwambao ikiwa na mwili wa buluu iliyokolea na uzi mmoja tu wa dhahabu ukingoni. Victoria ya ziwani haikuwa na dhahabu, ila inatoka katika busara ileile ya kujua wapi pa kuachia. Unguja nayo ilikuwa na chombo chake cha kifalme, Seyyid Khalifa, ambacho historia inakikumbuka kwa safari moja: kumwondoa Sultani Jamshid bin Abdullah Januari 1964.

Lakini jicho lina mipaka, na ziwa limetufundisha kwa gharama isiyosahaulika. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Jicho linaona uzito ulio juu: sitaha nyingi, paa refu, watu waliosimama upande mmoja. Haliwezi kuona farumi iliyo ngamani, wala kuhesabu abiria waliozidi tiketi. Mpenzi wa meli anayedai kwamba chombo kizuri ni chombo salama anapaswa kunyamaza hapo. Ninachoweza kusema ni kidogo zaidi: meli inayoonekana nzito juu inastahili kuulizwa maswali, na ile inayoonekana sawa inastahili kuulizwa hayohayo.

Wavuvi wa ziwa walilitatua swali lao la injini kwa namna nyingine. Mtumbwi wa Ssese, wa mbao zilizoshonwa na pembe iliyochomoza mbele, ulikuwa umechongoka pande zote mbili. Injini ya kufunga nyuma ilipoenea, tezi ilikatwa bapa ili injini ipate pa kushikilia. Omo haikuguswa. Kwenye fukwe za Kisumu hadi Homa Bay boti za aina hiyo bado hupakwa rangi kali mbele na kuachwa mbao tupu nyuma: wanajua ni upande upi unaotazamwa.

MV Mwanza, meli mpya ya mita 92.6 iliyoshushwa majini Februari 2023 kwa ajili ya abiria 1,200, haikupita Ukambani. Vyuma vyake viliingilia Dar es Salaam. Victoria nayo ilirudi kazini mwaka 2020 ikiwa na injini mpya ndani ya mwili uleule wa Yarrow. Ile mpya ina nafasi, ina lifti, inabeba magari, na sitaha zake zimepandana kama ghorofa kwa sababu hesabu ya tiketi imedai hivyo. Kwenda mjini Bukoba ningepanda hiyo, na ningeomba kiti cha upande ambao Victoria inaonekana.