Ushuhuda wa Kimondo cha L'Aigle

Tarehe 26 Aprili 1803, baada ya adhuhuri, watu wa Normandie, katika Ufaransa, waliona tufe la moto likikata anga kwa mwanga mkali. Mara ikasikika mishindo kama ya mizinga karibu na mji wa L'Aigle, na mawe yapatayo 3,000 yakaanguka mashambani.

Wataalamu wengi wa Paris walikuwa wakikana kwamba jiwe laweza kutoka mbinguni. Mawe yalipoanguka Barbotan mwaka 1790, mamia ya wenyeji walishuhudia kwa hati, wakabezwa. Hata Chladni, Mjerumani aliyelitetea jambo hilo kitabuni mwaka 1794, wengi hawakumsadiki. Nionavyo mimi, dharau ile ilikuwa ya tabaka kuliko ya elimu: shahidi alikuwa mkulima.

Safari hii serikali ilimtuma Jean-Baptiste Biot, mwenye umri wa miaka 29. Naye, kwa busara, hakuanzia L'Aigle bali Alençon, akiuliza njiani ni nani aliyeuona moto na ulielekea wapi. Aliwahoji watu wa kila hali, wasiokuwa na sababu ya kupatana uongo. Akapima eneo la mawe, likawa na umbo la yai, urefu wake yapata kilomita 10. Akachungua hata mavi ya chuma ya viwanda vya jirani, asione yaliyofanana na mawe yale.

Mwezi wa Julai aliisoma taarifa yake Paris, ameuweka ushuhuda wa wanavijiji sambamba na ule wa mawe yenyewe.