Siri ya Daktari wa Mfalme Ilikaa Miaka 50

Wasee, twende usiku wa 20 Januari 1936. King George V, yule guka zetu walikuwa wanalipia serikali yake kodi ya nyumba, amelala Sandringham, Uingereza, hajitambui. Daktari wake, Lord Dawson, anaona mzee anaenda, lakini polepole. Mwendo wa saa tano anamdunga mofini, halafu kokeini, kwa mshipa wa shingo. Kabla saa sita ifike, mfalme ameenda.

Dawson aliandika yote. Sababu moja iliniacha mdomo wazi: alitaka kifo kitangazwe kwanza na gazeti la Times la asubuhi, si magazeti ya jioni ambayo aliona hayana hadhi. Alikuwa amepigia bibi yake simu London awaambie Times wangoje. Yaani mtu anakufa kwa ratiba ya gazeti! Na aliandika kwamba alidunga mwenyewe kwa sababu nesi, Catherine Black, alionekana kusumbuliwa na hiyo kitu. Huyo nesi hakuna mtu humtaja.

Sasa hapa ndio nakasirika. Desemba hiyo hiyo, House of Lords ilijadili mswada wa kuruhusu mgonjwa asiyepona aombe kusaidiwa kufa. Dawson akaupinga. Hakusema ni dhambi. Alisema hiyo ni kazi ya daktari na dhamiri yake, sheria ikae kando. Mswada ukaanguka, 35 kwa 14. Kwa ule mswada mgonjwa angeomba mwenyewe, kwa maandishi. Kwa njia ya Dawson, hata mfalme hakuulizwa.

Siri ilitoka 1986. Madaktari wa huko bado wamegawanyika: 2021 chama chao, BMA, kiliacha kupinga kikaamua kutoegemea upande wowote, asilimia 49 kwa 48.

Hapa Kenya ni jinai, basi. Lakini mwaka jana shosho alikuwa wadi, kansa ya koo. Daktari alipita akasema, "Mpelekeni nyumbani." Hakueleza. Nesi wa usiku ndiye alinivuta kando: "Msitoke bila mofini." Nikamwambia tunaogopa itamuua. Akacheka kidogo, akanionyesha vile inapimwa, ni ya uchungu tu.

Shosho alilala vizuri, akaamka akaitisha uji. Aliishi wiki tatu. Tuliongea juu yake sana, na daktari, na pasta, na wajomba. Hakuna aliyemuuliza yeye anataka nini. Hata mimi.