Dawati la jinsia vyuoni

Dawati la jinsia ni ofisi ya chuo inayopokea kwa siri malalamiko ya ukatili wa kijinsia, kumsindikiza mlalamikaji hospitalini au polisi akiridhia, na kumsemea mbele ya uongozi.

Mwaka 1990 Levina Mukasi, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alijiua baada ya kusakamwa na wanafunzi wa kiume. Wanaharakati, wakiwemo wa Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania (TAMWA), walilivalia njuga suala hilo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ikapitishwa 1998. Rushwa ya ngono ikatajwa kuwa kosa katika kifungu cha 25 cha sheria ya rushwa ya 2007. Mwongozo wa madawati kwa vyuo vya elimu ya juu na ya kati ulitoka 2021, chini ya mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto (MTAKUWWA).

Mkoani Simiyu, ulioundwa 2012, elimu ya juu bado changa; Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM) kina kampasi Bariadi. Katika mji mdogo kama huo, kutunza siri ndiyo kazi yenyewe. Mwanafunzi aliyepanga chumba mtaani anajulikana kwa mwenye nyumba, bodaboda na muuza chipsi. Akionekana kituo cha polisi asubuhi, mchana habari iko darasani. Tena anayelalamikiwa huenda ndiye msahihishaji wa mitihani, na hofu ya sapu (mtihani wa marudio) au kudisko (kuondolewa masomoni) huziba midomo mingi. Dawati lililowekwa mkabala na ofisi ya mkuu wa idara ni pambo tu. Linalofaa lina mlango wa pembeni na faili lenye namba badala ya jina.

Siri hiyo ina mpaka: mlalamikaji akiwa chini ya miaka 18, Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka taarifa itolewe kwa mamlaka.

Aliyebakwa huwahishwa hospitalini kabla ya kuoga, ili ushahidi usipotee na kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Fomu ya polisi, PF3, hujazwa na daktari na kurudi polisi kama ushahidi.

Rushwa ya ngono huripotiwa kwa Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa (TAKUKURU), simu ya bure 113. Kwa bughudha ya kijinsia, kifungu cha 138D cha Kanuni ya Adhabu hakipokei malalamiko yaliyochelewa zaidi ya siku 60 tangu tukio la mwisho.